Ugonjwa wa Kurithi

Bwana Mifugo wetu hakunywa maziwa. Ukimkaribisha chai ya maziwa alishukuru, akaiweka kando mpaka ikapoa na kushika utando, kisha akasema, "Maziwa ni ya ndama, mama." Na mtu huyo ndiye aliyezunguka milima yetu yote akituhimiza tukamue kwa mikono safi, tukamue mapema, maziwa yaongezeke. Sikumwuliza kwa nini. Mtu mzima ana haki ya kuwa na upuuzi wake mmoja.

Yeye alikuwa nao zaidi ya mmoja. Alikuwa na baiskeli ya serikali, na kwetu Usambara baiskeli ni mzigo kama mzigo mwingine. Kwenye kupanda aliisukuma, kwenye kushuka aliishikilia isimtangulie, na penye matope aliitia begani. Nimemjua tangu Uhuru haujazoeleka mdomoni mpaka sote tumekuwa na mvi, na sikumwona hata mara moja ameketi juu yake. Mzee mmoja alimwuliza, "Mgosi," yaani bwana kwa lugha yetu, "kwa nini usiiache nyumbani?" Akajibu, "Nikija bila baiskeli, mtajuaje kama nimetumwa na serikali?" Kwenye usukani alining'iniza mwavuli mweusi, mkubwa, wa kumtosha yeye na ndama. Mabuti yake aliyapaka rangi kila asubuhi, akayavua akifika kwenye tope, akatembea pekupeku, akayavaa tena kwenye mlango wa zizi. Sasa niambie, zizini ndiko kusikokuwa na tope?

Sijui alizaliwa wapi. Alioa kwetu, na hilo lilitutosha.

Adabu yake ilikuwa ya kuchosha. Siku moja ng'ombe wa jirani alikwama kuzaa, mguu mmoja wa ndama uko nje, ng'ombe analia, wenyewe wanalia. Bwana Mifugo akafika, akaegemeza baiskeli, akaanza kusalimia. Shikamoo kwa babu, shikamoo kwa bibi, akafuata umri mpaka akamaliza. Jirani akapiga kelele, "Ng'ombe anakufa!" Akasema, "Na hawa wazee je, ni kuni?" Ndipo akavua shati, akaingiza mkono mpaka kwapani, akamtoa ndama mzima. Wanaume aliwafokea. Ng'ombe aliwanong'oneza.

Kuhusu ngozi alikuwa na usemi wake: "Ngozi ndiyo nguo pekee ya mnyama. Mkiichana hana ya kubadilisha." Kwa hiyo alipenda josho, lile shimo la kuogeshea ng'ombe dawa ya kupe, kuliko alivyopenda nyumba yake. Ng'ombe akijikuna, josho. Akinyonyoka manyoya, josho. Mbuzi akiwa na upele, dawa ya kupaka inayonuka kiberiti, halafu josho. Alituambia uchawi haupo, kisha akafunga kitambaa chekundu kwenye usukani wa baiskeli. Tulipomwuliza alisema ni kwa ajili ya malori. Kwenye barabara yetu lori lilikuwa halijafika.

Lakini jambo lake kubwa lilikuwa ulimi. Mtu aliyeshinda nyuma ya ng'ombe, mkono mzima ndani, hakuweza kutamka mbele ya wanawake kwamba dume amempanda jike. Alisema "ametembelewa." "Mama, ng'ombe wako ametembelewa?" Mgeni wetu mmoja alipoulizwa hivyo alijibu ndiyo, shangazi yake alikuja Jumapili. Na pale ambapo mkwe wake alikuwepo, yaani mama wa mkewe, hata hilo la kutembelewa hakulisema. Kwetu mwanamume na mkwewe wa kike hawatazamani usoni. Wakikutana njiani mmoja anaingia migombani. Bwana Mifugo aliishika desturi hiyo kama alivyoishika mabuti. Mkwe wake alikuwa jirani yangu, mwanamke mfupi mwenye maneno machache, na kila Bwana Mifugo alipokuja kwetu alipitia njia ya nyuma, ndefu, na baiskeli begani.

Adabu hiyo ndiyo iliyonifikisha pabaya.

Mume wangu alifariki akaniacha na watoto, ng'ombe mmoja jina lake Tulia, na koti zito la sufu. Ukoo ukakaa. Shemeji yangu, mdogo wa marehemu, akasema atairithi nyumba ya kaka yake, na kwa nyumba alimaanisha vyote: mimi, watoto, Tulia, koti. Nikasema, "Watoto ni wenu, njooni muwaone siku yoyote. Mimi sirithiwi." Mchungaji akaniunga mkono. Wazee wakaguna, wakaona mtoto wa mwisho bado mdogo na anahitaji maziwa, wakasema ng'ombe abaki hapo kwanza. Koti likabaki kwenye msumari. Shemeji aliondoka akilitazama koti.

Kipupwe kilichofuata, wakati ukungu unalala mlangoni mpaka saa sita, Tulia akazaa. Ndama alitoka uchi. Sisemi manyoya machache, nasema uchi, laini kama kiganja, wa rangi ya waridi, mishipa inaonekana. Nywele zilikuwa kwenye kope na ncha ya mkia, basi. Akasimama, akanyonya, akaanza kutetemeka. Nikatazama huku na huku, nikaona koti msumarini. Nikamvika, nikamfunga kamba tumboni. Watoto wa jirani wakaja kuchungulia, wakamwamkia ndama shikamoo. Tangu siku hiyo jina lake likawa Mzee.

Bwana Mifugo alipokuja alimkwangua kwa kisu kidogo, akanusa, akasema ni upele. Akanipa dawa. Nikapaka. Mzee akanuka kama pakiti ya kiberiti na manyoya hayakuota. Akarudi, akamtazama muda mrefu, akavua kofia. "Mama," akasema, "hii si kazi ya kupe." Ndiyo mara ya kwanza nilimsikia akisema jambo la ngozi bila josho. Akasema anakwenda Lushoto kumwuliza daktari wa wanyama.

Aliporudi hakunikuta nyumbani. Nilikuwa ofisi ya kijiji pamoja na wenzangu, tumekaa chini tunapukuchua maharage ya shamba la ujamaa. Mwenyekiti wa kijiji alikuwepo, na wanaume kadhaa. Na mkwe wake Bwana Mifugo alikuwepo, ungo magotini. Mwenyekiti akauliza kwa sauti, "Haya, ndama yule ana ugonjwa gani?"

Bwana Mifugo akamwona mkwewe, akainama, akazungumza na mabuti yake. "Ni ugonjwa wa kurithi."

"Unatoka wapi?"

"Ni wa kurithi tu, mwenyekiti. Unarithiwa." Akageuza baiskeli akaondoka.

Sasa wewe msomaji pengine umesoma, unajua alichomaanisha. Sisi kurithi tulikujua: mtu anakufa, mwingine anachukua shamba, mbuzi, mjane. Kabla jua halijazama, mlima mzima ulikuwa umesikia kwamba serikali imegundua ugonjwa unaowakamata wanyama wa urithi. Mtu mmoja aliyeachiwa mbuzi na mjomba wake akamrudisha kwa watoto wa mjomba. Watoto wa mjomba wakamrudisha kwake. Mbuzi yule akashinda njiani.

Shemeji alikuja kwangu asubuhi, hakukaa.

"Shemeji, umesikia mwenyewe. Serikali imesema."

"Imesema nini?"

"Urithi umekwenda vibaya. Mali ya marehemu ikikaa bila mwenyewe inatoa alama. Alama ndiyo hiyo, imevaa koti la kaka yangu!"

"Anasikia baridi."

"Hata mimi nasikia baridi! Koti lile lilikuwa langu!"

"Wewe una manyoya, shemeji."

Hakucheka. Akasema ameshazungumza na mwenyekiti, kutakuwa na mkutano, na wazee wakisikia neno la mtaalamu watampa alichonyimwa. Alikuwa anasema kweli. Wazee walewale walioguna sasa walikuwa wanatikisa kichwa wakipita kwangu. Ng'ombe angetangulia kwenye zizi lake, mtoto angefuata maziwa, na mimi ningemfuata mtoto. Hawakuhitaji kunivuta. Kamba ilikuwa ni Tulia.

Nikaenda nyumbani kwa Bwana Mifugo. Nikamkuta anapaka mabuti rangi.

"Bwana Mifugo, neno lako linanihamisha nyumbani."

"Neno gani, mama?"

Nikamweleza. Brashi ikasimama. "Lakini nilisema kitaalamu," akasema.

"Basi lisemwe kishamba."

"Mama, nikilisema hilo lazima nimtaje dume, na majike, na... kutembelea kwenyewe."

"Litaje."

"Mkwe wangu atakuwepo."

"Na mimi nitakuwepo. Ukinyamaza, mwezi ujao utanikuta kwa shemeji, na wewe utakuwa umemwamkia kila mtu vizuri."

Akachovya brashi. Akaendelea kupaka buti lililokuwa limeshang'aa. Nilirudi bila kujua kama atakuja.

Siku ya mkutano mbingu ilikuwa safi, hakuna wingu hata la kusingizia. Tulikaa mbele ya ofisi ya kijiji, wanaume upande mmoja, wanawake upande mwingine na maharage yetu ya kupukuchua. Shemeji alikuwa ameshasema yake, na amesema vizuri, wazee wameshaanza kukubaliana kwa macho, ndipo tukaona baiskeli inatokea kwenye kona, inasukumwa. Bwana Mifugo akaiegemeza. Akasalimia wote, kwa umri. Kisha akachukua mwavuli, akaufungua, akauinamisha upande wa wanawake mpaka tukawa hatumwoni ila mabuti.

"Mgosi, mvua iko wapi?" mtu akauliza.

"Inakuja," mwavuli ukajibu.

Halafu akasema. Alisema haraka, kama mtu anayemeza dawa chungu. "Ugonjwa huu hauhusu mali ya marehemu. Kurithi nilikosema ni kurithi damu, kama mtoto anavyorithi pua ya baba. Dume la kijiji analo tatizo hili ndani ya mwili. Halionekani, manyoya yake mazuri. Anawapa watoto wake, na kwao pia halionekani. Lakini huyu dume amekaa hapa miaka mingi, ni mmoja tu, na sasa amewapanda binti zake. Baba analo, binti analo, wakikutana, ndama anaweza kutoka uchi."

Upande wetu punje za maharage ziliacha kuanguka. Kwetu mtu akifanya hivyo na binti yake, hata jina lake halitamkwi.

Mwenyekiti akasimama. Lazima nieleze hapa kwamba dume lile tulipewa miaka ya mwanzo, wakati bendera ni mpya, tukampokea kwa ngoma, tukampa jina Uhuru. "Unamsema Uhuru?" mwenyekiti akauliza.

"Namsema dume."

"Uhuru ametoka serikalini!"

"Hata mimi nimetoka serikalini, mwenyekiti. Hainizuii kukosea. Mimi ndiye niliyemleta, na ilinipasa nimwondoe mapema. Tulia ni mtoto wake."

Shemeji akaona mlango unafungwa, akaweka mguu. "Kama ni dume la kijiji," akasema, "mbona amezaliwa kwake tu? Kila zizi hapa limetembelewa na Uhuru. Nani mwingine amepata ndama uchi? Asimame."

Hakusimama mtu. Wanaume walitazama milima kana kwamba imeletwa jana. Nikajua hapohapo kwamba wapo, na kwamba hawatasema, maana nani anataka kuitwa mwenye laana? Mwavuli ukatikisika kidogo. Mabuti yakarudi hatua moja nyuma. Mzee mmoja akakohoa, akajiandaa kutoa uamuzi.

"Mwambieni huyo mwenye mwavuli," ikasema sauti nyuma yangu, "kwamba kwangu wamezaliwa wawili."

Ilikuwa ni mkwe wake. Alikuwa amegeuka, anazungumza na ukuta wa ofisi.

"Mwambieni niliwazika migombani nikasema ng'ombe ametoa mimba. Wote ni wa Uhuru. Na mama yao ni wa Uhuru."

Mwavuli ukainama zaidi, kisha: "Mwambieni anayesema kwamba nimesikia, na nashukuru. Mnaweza kumwuliza kama ng'ombe huyo ni wa urithi?"

"Mwambieni mimi sikumrithi mtu. Ng'ombe yule ni wa mahari ya binti yangu. Na aliyemleta yuko chini ya mwavuli."

Sikumbuki nani alianza kucheka. Ninachokumbuka ni kwamba baada ya kicheko jirani mmoja alisema naye alipata mmoja mwaka uliopita, akawatupia fisi, na mwingine akasema wake alikufa kwa baridi siku ya kwanza, kwa kuwa hawakuwa na koti. Wakaendelea hivyo, mmoja baada ya mwingine, kama watu kwenye ungamo. Mzee aliyekuwa amekohoa akasema, "Basi mama huyu akae kwake na ng'ombe wake. Hakuna urithi hapa, kuna dume." Akaketi.

"Angalau koti," shemeji akasema.

"Subiri Mzee alimalize," nikamjibu.

Yakabaki mambo ya Uhuru. Wengine walitaka auzwe mnadani kule Mnazi, chini tambarare, ambako hawamjui. Bwana Mifugo akakataa: "Mtakuwa mmewauzia wenzenu msiba, tena kwa bei ya dume." Akasema ahasiwe, anenepeshwe, aliwe. Mwenyekiti akashika kichwa. "Wakubwa wakiniuliza wilayani, nijibu nini? Kwamba kijiji cha ujamaa kimemhasi Uhuru?" Hilo lilikuwa zito kweli, na siku zile lilikuwa zito zaidi. Walijadiliana mpaka mzee mmoja akapata njia. Asubuhi iliyofuata dume lile lilibadilishwa jina mbele ya mashahidi, likaitwa Mkoloni. Mchana likahasiwa. Walipiga makofi.

Ndama wangu Mzee aliishi. Bwana Mifugo alinielekeza nimkinge na baridi na jua kali, nimhasi mapema, nisije nikamwonea huruma nikamwacha dume. Nilifanya hivyo. Tulimchinja kwenye harusi ya binti yangu mkubwa. Nyama yake ilikuwa nzuri, ngozi haikufaa hata ngoma. Koti nikampelekea shemeji. Alilivaa kanisani, linanuka kiberiti, na watoto wakampa shikamoo Mzee. Sikuwakataza. Ni mtu mzima, shikamoo ni haki yake.

Baada ya hapo Bwana Mifugo alirudia tabia zake zote. Baiskeli begani, njia ya nyuma, chai kando. Neno la "kupanda" sikulisikia tena kinywani mwake. Nadhani alilitumia lote siku ile.

Mara ya mwisho nilimwona kwenye mazishi ya mkwe wake. Alikuwa amestaafu zamani, amekonda, baiskeli waliichukua wenyewe, serikali. Mwavuli alikuwa nao. Watu walipopanga mstari kwenda kumwona marehemu, yeye hakwenda. Alibaki kwenye benchi nje, chini ya ukuta, nikaenda kukaa karibu yake kwa sababu magoti yangu hayapendi mistari.

Akaulaza mwavuli magotini. Kisha akaniuliza, akitazama mabuti, "Mama, alikuwaje usoni?"

"Nani?"

"Marehemu. Sikumwona vizuri maisha yangu yote."

Mimi si mtu wa kupamba. Nikamwambia: alikuwa na mwanya, jicho la kushoto dogo kuliko la kulia, na kabla ya kucheka alikunja pua.

"Alikuwa anacheka?"

"Siku ile ulipofungua mwavuli kwenye jua, alicheka mpaka akajiziba mdomo kwa ncha ya khanga. Ndiyo sababu alizungumza na ukuta."

Akatikisa kichwa, akaendelea kutikisa. Wasichana wakapita na chai, ya maziwa, yametoka kwetu. Nikampa kikombe kwa mazoea tu. Akakishika, hakukiweka kando.

"Ng'ombe wa nani huyu?"

"Wa ukoo wa Tulia. Mwenyewe sasa ni binti yangu. Nimemrithisha mimi, kwa mkono wangu, niko hai."

"Ametembelewa na nani?"

"Dume wa mbali. Kwao hatukujui."

"Vizuri." Akakitazama kikombe. "Ndama amebakiziwa?"

"Ameshiba, amelala."

Akanywa, kabla utando haujashika.